Springi Moja, Kazi Mbili

Kisu cha kukunja kikishafunguliwa, kinatakiwa kiwe kigumu kana kwamba hakikunjiki. Kabla ya hapo kinatakiwa kifunguke bila kushindana na kidole gumba. Mara nyingi kazi zote mbili hutegemea mkazo wa springi ileile.

Buck 110 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964, ilichagua upande. Mgongoni mwa mpini mna nondo fupi yenye jino. Ubapa ukifika mwisho, springi hulisukuma jino hilo kwenye pengo la kitako chake. Linashika kwelikweli. Ila safari nzima ya kufungua, jino hulalia kitako na kukisugua, na kisu hicho kwa kawaida hufunguliwa kwa mikono miwili.

Mtengenezaji visu Michael Walker, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitumia bati jembamba lililopindwa ndani ya mpini. Ubapa ukifunguka, bati huruka na kukaa nyuma ya kitako chake. Bati hilo hubeba pia gololi ndogo inayozama kwenye kitundu cha ubapa uliofungwa. Bati likikazwa mno, gololi huburuta njia nzima. Visu vilivyotumika sana huwa na mchirizi wa nusu duara pale ilipopita. Bati likilegea, ubapa unaweza kuchomoza mfukoni, na mwenye mfuko ataujua kwa vidole. Wauzaji hupenda kusifia beringi za kwenye mhimili, lakini beringi haziondoi msuguano wa gololi.

Werevu zaidi ni wa wabunifu wa visu Bill McHenry na Jason Williams. Komeo lao la Axis, ambalo kampuni ya Benchmade ilianza kulitumia mwaka 1998, lina pini nene inayokatiza mpini. Pini ndiyo inayobeba mzigo; springi mbili za waya huisogeza tu mahali pake, kwa hiyo hazina haja ya kuwa ngumu. Waya hizo huweza kukatika, ingawa moja ikibaki kisu bado hujifunga.

Opinel ya Ufaransa iliikwepa springi kabisa. Tangu 1955 mtumiaji hufungua ubapa kwanza, kisha huzungusha pete ya chuma kuuzuia. Ugumu wa kufungua hutoka kwenye mpini wa mti: ukilowa huvimba na kuubana ubapa. Ubapa ukibanwa hivyo, wenyeji wa Savoie, nyumbani kwa Opinel, hugongesha mwisho wa mpini mezani, ncha ikachomoza, wakaivuta.