Mng'ao wa Nyota Yenye Umbo la Yai

Satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, miali ya jamii ile ile inayotumika hospitalini kupigia picha mifupa, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Njia yake iliinama kwa nyuzi 3 tu kutoka ikweta, hivyo ilipita mara nyingi kila siku katika anga la kaskazini la Kisiwa cha Bwejuu, Mafia, kilichoko takriban nyuzi 8 kusini.

Uhuru ilithibitisha kwamba vyanzo vingi vya eksirei ni nyota mbili zinazozungukana: moja ni nyota ya nyutroni au shimo jeusi, yaani mabaki mazito mno ya nyota iliyokufa, na nyingine ni nyota hai ambayo gesi yake huangukia mabaki hayo, ikapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Nyota hai ikiwa kubwa sana, ndiyo inayotoa karibu nuru yote inayoonekana kwa macho, na nuru hiyo hubadilika.

Mfano bora kwa mtazamaji wa Bwejuu ni HD 77581, mwenzi wa chanzo kiitwacho Vela X-1, ambayo jioni za Machi na Aprili, kaskazi inapokwisha, hupanda juu katika anga la kusini. Haionekani kwa macho matupu, bali kwa darubini ndogo ya mkononi, ingawa iko umbali wa maelfu ya miaka ya nuru. Nyota ya nyutroni huizunguka kwa siku 8.96, na mvuto wake huivuta nyota hiyo kubwa hata ikachukua umbo la yai. Inapotuonyesha ubavu, uso unaoonekana ni mpana na nuru huongezeka. Inapotuelekezea ncha, nuru hupungua, kwa sababu eneo ni dogo na pia kwa sababu kwenye ncha, ambako mvuto wa nyota yenyewe ni hafifu, uso huwa na joto pungufu. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja huwa na vilele viwili na mabonde mawili.

Thamani ya mabadiliko haya ni kubwa kuliko udogo wake unavyodokeza. Ukubwa wa mabadiliko hayo hutegemea uwiano wa uzito wa nyota hizo mbili na mwinamo wa njia yao, hivyo nuru ya nyota inayoonekana humsaidia mtaalamu kupima ile isiyoonekana. Njia hiyo imetumika pia kwa Cygnus X-1, yenye mzunguko wa siku 5.6, ambayo mwenziwe asiyeonekana ni shimo jeusi lenye uzito wa takriban Jua 21.

Hata hivyo HD 77581 haitii hesabu kikamilifu. Mvuto wa mwenzi huamsha mawimbi juu ya uso wake, na nyota kubwa kama hii hutoa upepo mkali wa gesi, hivyo mchoro wa nuru wa mzunguko mmoja haufanani kabisa na wa mzunguko unaofuata. Dawa yake ni kupima mizunguko mingi, kila mara nuru ikilinganishwa na ya nyota jirani zisizobadilika, ili ukungu na unyevu wa bahari usidhaniwe kuwa ni tabia ya nyota.

Kwa bahati mbaya mzunguko huo unakaribia mno siku 9 kamili: baada ya usiku 9, saa ile ile, nyota huwa imepita hatua yake ya awali kwa dakika 51 hivi tu. Mtu anayepima kutoka Bwejuu pekee kwa saa chache kila usiku angerudia hatua zile zile kwa majuma, na masika yangemkuta kabla ya kujaza mapengo. Lakini vipimo vyake vikiunganishwa na vya Chile na vya mashariki mwa Australia, ambako usiku huingia kwa zamu wakati Bwejuu ni mchana, mzunguko mzima ungejazwa ndani ya siku 9.