Sura ya Sita: Bendi Kongwe Inauza Nini?

Mwanamuziki mkongwe haachi kuulizwa: wimbo mpya lini? Kwa upande wa biashara, anayeuliza hivyo amebisha hodi mlango usio wake. Tuwatazame The Rolling Stones, bendi ya roki iliyoanzishwa London mwaka 1962. Baada ya albamu yao ya 2005, walikaa miaka 18 bila kutoa nyingine yenye nyimbo mpya walizotunga wenyewe. Ile ya 2016 ilikuwa ya bluzi za watu wengine. Hata hivyo, ziara yao ya 2005 hadi 2007 iliingiza zaidi ya dola milioni 550.

Somo kwamba pesa haiko kwenye nyimbo mpya walilipata kwa machungu. Rekodi zao za miaka ya 1960 zilibaki mikononi mwa kampuni ya Allen Klein, aliyekuwa meneja wao. Walilima wao, ghala likawa la mwingine. Ikabidi watafute mali isiyoweza kuchukuliwa. Wakaunda lebo yao, na mwaka 1971 albamu ya Sticky Fingers ikatoka na nembo ya mdomo uliotoa ulimi, kazi ya mchoraji kijana John Pasche. Leo nembo hiyo imo kwenye fulana za vijana wasiojua hata wimbo wao mmoja.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1989. Zamani kila mji ulikuwa na promota wake, na bendi ilipatana na mmoja mmoja. Promota Michael Cohl wa Kanada akanunua ziara nzima kwa jumla: tiketi, fulana, wadhamini na haki za televisheni vikawa chini ya mkono mmoja. Tangu hapo onesho likawa ndiyo bidhaa, albamu ikawa kadi ya mwaliko.

Na waalikwa wamezeeka pamoja na wenyeji wao. Aliyejinyima mwaka 1965 ili anunue sahani ya santuri leo ni mstaafu mwenye akiba, na haendi uwanjani peke yake. Anakwenda na wajukuu. Ndiyo maana ziara ya 2024 ilidhaminiwa na AARP, chama cha Wamarekani wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Mwimbaji wao, Mick Jagger, alikuwa na miaka 80.

Je, kila bendi kongwe inaweza? Hapana. Zinahitajika zilipendwa zinazoimbwa na vizazi vitatu, na sura ambazo watu wamezifuata. Mpiga ngoma Charlie Watts alipofariki Agosti 2021, Steve Jordan alishika vijiti na ziara ikaendelea mwezi uliofuata. Lakini Jagger au mpiga gitaa Keith Richards hana wa kumshikia nafasi. Kila mnunuzi wa tiketi analijua hilo, na hofu kwamba huenda ziara hii ikawa ya mwisho ndiyo inayomfanya alipe bei ambayo bendi changa haithubutu kuitaja.