Zana za Kushonea Mifarishi Nyumbani
Vikundi vya wanawake vinavyoomba mkopo usio na riba wa Halmashauri ili kushona mifarishi, yaani mablanketi ya vipande vya vitambaa, mara nyingi huorodhesha cherehani na kukomea hapo. Cherehani ya kukanyaga yenye mshono mnyoofu yatosha. Kinachoharibu kazi ni ukataji: kila kipande kikizidi upana kwa milimita 2, safu ya vipande 12 huzidi kwa milimita 24, na pembe zake hazikutani na za safu inayofuata. Hivyo rula ya chuma, chaki, pini na mkasi wa kitambaa pekee (karatasi humaliza makali) viingizwe katika makadirio, pamoja na pasi, hata ya mkaa. Pamba mpya ifuliwe kwanza, kwani husinyaa. Ushauri wa maombi hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.