Vyumba vya mazoezi visiwe vituo vya maradhi

Mtu anayepita mitaa ya Mwanza alfajiri, iwe Kirumba, Igoma au karibu na Uwanja wa Nyamagana, haoni ajabu tena kukuta makundi ya watu wakikimbia mchakamchaka. Jioni wengine huingia jimu. Zipo jimu za kisasa zenye vioo na mashine za umeme. Zipo pia zile za uani, ambako vijana wamejaza saruji kwenye makopo mawili, wakapitisha bomba katikati, wakapata chuma cha kunyanyua. Jambo hili ni jema. Kisukari na shinikizo la damu yamekuwa maradhi ya kila mtaa, na mazoezi ni mojawapo ya kinga zake zisizo na gharama kubwa.

Hata hivyo, mahali ambapo watu wengi hutoka jasho na kushika kitu kimoja, hapana budi pawe na utaratibu wa usafi. La sivyo, mtu aliyekwenda kutafuta afya hurudi nyumbani na maradhi, na pengine akawaambukiza watoto wake.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi hudhani kuwa jasho ndilo uchafu wenyewe. Jasho ni maji na chumvi kidogo. Tatizo ni vijidudu vinavyokaa juu ya ngozi. Wapo bakteria waitwao stafilokoka, ambao takriban mtu 1 kati ya 3 huwabeba puani bila kuugua. Bakteria hao wakipata mlango huleta majipu, na mlango wao ni mchubuko wa kiganja, mkwaruzo wa goti au kidonda cha wembe. Juu ya benchi kavu wanaweza kuishi siku kadhaa, hata majuma. Halafu kuna fangasi, wanaoleta choa mwilini na muwasho katikati ya vidole vya miguu. Hawa hupenda mahali penye joto na unyevunyevu: sakafu ya bafu, soksi mbichi na taulo lisilokauka.

Mtu asidhani kuwa haya ni matatizo ya jimu za makopo tu. Mwaka 2003, katika timu ya St. Louis Rams ya Marekani, inayocheza mpira wa miguu wa Kimarekani, wachezaji 5 kati ya 58 walipata maambukizi 8 ya bakteria sugu kwa dawa. Yote yalianzia pale ngozi ilipochubuka uwanjani. Wachunguzi walikuta kwamba wachezaji walikuwa wakichangia taulo, na waliokuwa wakiwafunga vidonda hawakuwa na mahali pa karibu pa kunawa mikono. Timu ile ilikuwa tajiri, lakini utajiri wake haukuizuia kuangushwa na taulo.

Bakteria sugu wa aina hiyo si wageni hapa kwetu. Watafiti wa Hospitali ya Bugando na chuo kikuu kilicho hapo wameandika mara kwa mara juu yao. Kwa hiyo ile tabia ya kijana kuota jipu, kwenda duka la dawa kununua vidonge viwili vitatu, kisha kuacha akipata nafuu, ni ya hatari. Vijidudu vilivyobaki hujifunza kuishinda dawa. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Jipu linalokua haraka, linalouma sana au linaloambatana na homa lipelekwe kwa mganga.

Aidha, iko njia ya hewa. Mwaka 2020, katika mji wa Cheonan nchini Korea ya Kusini, watu 112 waliambukizwa virusi vya korona kutokana na madarasa ya mazoezi ya kucheza muziki katika vituo 12. Vyumba vilikuwa vidogo, watu walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa akihema kwa nguvu. Kifua kikuu nacho husafiri kwa njia ya hewa. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aache jimu kwa muda, aende akapime. Kipimo na matibabu yake katika vituo vya Serikali ni bure.

Je, mwenye jimu afanye nini? Afungue madirisha. Aweke maji ya bomba na sabuni, na kama bomba hakuna, kibuyu chirizi kinatosha. Benchi, mikeka na vishikio vioshwe kwa sabuni kila siku, kisha vifutwe kwa dawa ya klorini. Ile ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo 1 huchanganywa na maji vipimo 34. Iachwe dakika 10, halafu ifutwe kwa maji safi, kwa sababu klorini hula chuma. Isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya usafi, maana hewa inayotoka yaweza kudhuru mapafu. Benchi lililopasuka ngozi lishonwe au libadilishwe, kwani sifongo iliyo ndani haisafishiki.

Naye mfanya mazoezi ana wajibu wake. Aje na taulo lake, alitandike kabla ya kulala kwenye benchi, na asimwazime mtu. Kidonda kifunikwe. Mikono inawe kwa sabuni kabla na baada ya mazoezi, na isipelekwe usoni katikati. Bafuni avae kandambili. Nguo zenye jasho zifuliwe siku ileile na zianikwe juani. Mwenye vipele asivyovielewa abaki nyumbani na kupata ushauri wa daktari. Tukumbuke kuwa Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wa mpox nchini, na ugonjwa huo huenea kwa kugusana ngozi.

Liko jambo moja la sisi watu wa Ziwa. Baada ya mazoezi ya ufukweni, vijana wengi hujitosa majini kuondoa jasho. Ziwa Viktoria si bafu. Konokono wadogo wa kando ya maji hutoa vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Miaka kadhaa baadaye mtu huharibikiwa ini. Yafaa kuoga kwa maji ya bomba. Kama ni lazima kutumia maji ya ziwa, yachotwe na kuachwe yatulie kwenye pipa lililofunikwa kwa siku 2, au yachemshwe kwanza.

Ndugu wasikilizaji, hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha za wafadhili. Kipande cha sabuni, taulo la mtu mwenyewe na dirisha lililo wazi vimo ndani ya uwezo wetu. Mteja anayelipa ada ana haki ya kuuliza benchi limefutwa lini. Mwenye jimu asiyeweza kujibu, ahamwe.