Nyumba yenye mapine, na usiku moja ku shamba ya ng'ombe

Wafaransa wanaiita kampingi-kari. Ni motokari, lakini ukiingia ndani unakuta kitanda, meza, jiko ya gazi, frigo, dushi na choo. Mutu anaendesha nyumba yake mwenyewe. Ukiiona mara ya kwanza unafikiri ni kitu ya matajiri tu, na kweli ile mupya iko bei kali sana. Lakini mu kaskazini ya Ufaransa, mu Lens na miji ya pembeni kwenye kulikuwa migodi ya makaa ya mawe, niliona zingine zimezeeka kabisa, zimesimama mbele ya nyumba ndogo za matofali nyekundu zenye makampuni yalijengea wachimbaji zamani. Ni za watoto na wajukuu wa wale wachimbaji.

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wa kambi, ninawaandikia hii habari juu ya konje. Ile motokari itatubeba tu mpaka pale.

Nilikuwa nimeenda kule ku mukutano ya masendika. Ilipomalizika, familia moja ilinialika nitembee nayo siku tatu. Baba ni dereva wa bisi, mama anafanya kazi ku hospitali, wako na kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 9. Babu wa huyu baba alitoka Polandi kisha vita ya kwanza, sawa maelfu ya Wapolandi wenye waliletwa kuchimba makaa. Alikufa na silikozi, ile vumbi ya mapafu yenye sisi pia tunaijua. Shimo ya mwisho ya ile bonde yote, mu Oignies, ilifungwa tarehe 21 desemba 1990. Mu Lens, pahali pa shimo moja ya zamani, leo kuna mizé kubwa, Louvre-Lens, yenye ilifunguliwa mwaka ya 2012. Watalii wanaangalia sanamu pale wazee walikuwa wanashuka na taa.

Tulitoka siku ya tano kisha masomo, kuelekea Normandie, upande wa mangaribi. Permi ya kawaida inatosha, kama motokari haipite tani 3.5 na mizigo yote ndani. Njo maana mama alipima kila kitu, hata masanduku ya maji ya kunywa. Njiani tulipita Pont de Normandie, daraja yenye kuvuka muto Seine pale unaingia mu bahari. Iko na urefu ya metre 2,143, na nyaya za chuma zimeshuka toka juu sawa nyuzi za gitari. Upepo ilisukuma ile nyumba yetu kwa ubavu, na baba akashika usukani na mikono mbili, hakusema neno mpaka ngambo.

Sasa, kulala wapi? Hapo njo kuna kazi. Huwezi kusimama popote. Mameya wengi wamekataza kampingi-kari kulala mu barabara za miji yao, zaidi kando ya bahari. Ku kampingi ya kulipia, familia ya watu wane inatoa pesa kila usiku. Lakini kuna njia ingine, na hiyo ilinipendeza kuliko daraja. Toka mwaka ya 1993 kuna mupango yenye jina France Passion. Walimaji wa zabibu, wafugaji, watengeneza fromaji, zaidi ya elfu mbili mu inchi yote, wamekubali kupokea kampingi-kari mu lupango yao usiku moja, bure. Musafiri analipa kitu kidogo kwa mwaka, anapata kitabu yenye kuonyesha mashamba, na kikaratasi cha kubandika ku kioo. Marekani nao wako na mupango yenye kufanana, Harvest Hosts, toka 2009.

Sheria zake ni fupi. Ukifika, unaenda kusalimia mwenye shamba, na ukiondoka unamuaga. Unakaa saa 24, hauzidishe. Motokari yako lazima ijitosheleze: maji yako, choo yako, moto yako. Hauna deni ya kununua kitu. Na haukatae kusema asante.

Mwenye shamba yetu alikuwa muzee wa miaka sitini na kitu, na buti za kaucu zenye matope. Tulifika saa kumi na mbili ya mangaribi, wakati ya kukamua. Alituonyesha pa kusimama, chini ya miti ya mapomu, kisha akasema: «Kama watoto wanataka kuona, wakuje sasa. Ng'ombe haingojake.» Watoto wakakimbia. Nami nikawafuata, kwa nini nibakie?

Ng'ombe za kule, rasi ya Normande, ziko na madoa ya kahawia, na zingine kandokando ya macho sawa zimevaa malineti. Zilikuwa kama makumi sita. Zinaingia zenyewe, kila moja inajua nafasi yake, mashini inashika matiti, maziwa inapita mu mipira mpaka mu tanki ya baridi. Yule binti wa miaka 9 alitia mukono ku tanki, akauliza kwa nini iko baridi wakati ng'ombe iko moto. Muzee akamufasiria pole pole, sawa vile mwalimu muzuri. Kijana yeye alisimama mbali, anaziba pua. Kesho yake asubui njo yeye alikuwa wa kwanza kuamka kwenda kuona tena.

Usiku mama alipika mu ile jiko ndogo. Tulikula inje, viazi, mayai ya shamba na fromaji ya pale, yenye harufu kali ya kutisha na utamu ya ajabu. (Bukari haikukuwa, nilivumilia.) Maji iko ya kupima: tanki iko na litre mia moja hivi kwa watu wane, kuoga, kupika na kuosha sahani. Kijana alikaa mu dushi kidogo, mama akagonga mulango: «Funga maji!» Nikacheka peke yangu. Mama wa kwetu mwenye anapandaka na bido ku kichwa angeendesha ile nyumba bila kufundishwa.

Na choo? Iko na sanduku chini, unaichomoa sawa mutungi. Hauimwage mu shamba ya mutu, hata siku moja. Unaipeleka ku pahali palipotengenezwa kwa hiyo kazi. Mu hii familia, ni kazi ya baba.

Kisha kula, muzee alikuja na chupa ya sidri, tukaongea. Aliniuliza ninatoka wapi. Nikasema Katanga, kwenye kunatoka shaba na kobalti. Akatoa telefone yake mu mufuko, akaigeuza geuza, akauliza kama kobalti yake inaweza kuwa yetu. Nikamwambia inaweza, juu kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali yenye sikungojea: «Na ninyi, munapataka konje ngapi?»

Ilikuwa swali ya mutu mwenye haendi. Yeye anakamua asubui na mangaribi, siku 365. Ng'ombe hajui siku ya yenga. Mu miaka mbili alikuwa amepumuzika siku ine tu, na hizo siku, chama ya walimaji ya kubadilishana ilimuletea mufanyakazi wa kukamua pahali pake. Ile kitu iko kule, inaitwa Service de Remplacement. Mulimaji analipa, na Serikali inamurudishia sehemu ku kodi. «Wageni wanakuja kulala hapa,» alisema, «hiyo njo safari yangu.»

Hapo baba wa familia akatoa picha ya babu yake mu telefone. Muzee Mupolandi amesimama kando ya bahari, na viatu vya kazi mu muchanga, suruali imekunjwa. Mu mwaka ya 1936, mu mwezi wa tano na wa sita, wafanyakazi wa Ufaransa waligoma inchi nzima, wakakaa ndani ya maviwanda. Serikali ya Léon Blum ikatoa sheria tarehe 20 juni: wiki mbili za konje, kwa kulipwa. Tikiti ya treni ya kwenda konje ikapunguzwa, wakaiita jina ya naibu waziri Léo Lagrange. Ilikuwa mara ya kwanza yule babu anaona bahari, na Ufaransa iko na bahari pande tatu. Wiki ya tatu ilikuja 1956, ya ine 1969, ya tano 1982. Kila moja iliombwa, hakuna yenye ilianguka toka mbinguni.

Leo mufanyakazi kule anapata siku 2.5 za kazi kwa kila mwezi. Yetu, mu sheria ya kazi ya 16 oktoba 2002, ni siku moja kwa kila mwezi, angalau, na siku moja ya kuongeza kila miaka tano ku mwajiri moja. Hesabu wewe mwenyewe: mwaka moja, siku 12. Ni kidogo, na njo tunaibishania. Lakini ile kidogo, wangapi wanaila?

Ninajua mwenzetu mu Kolwezi mwenye ameuza konje yake miaka sita mufululizo. Anasaini karatasi, anachukua pesa, anarudi ku posti ya usiku. Simulaumu, masomo ya watoto inangojea. Lakini bibi yake aliniambia mbele yake: «Mutoto wa mwisho hajui baba yake anapenda kula nini, juu anakulaka ku kantini.» Yeye akainamisha kichwa, akatafuta kofia yake.

Kampingi-kari sisi hatuna, na barabara yetu na malori ya shaba ingeivunja mbele ya Likasi. Lakini wangapi kati yetu wako na shangazi ao mujomba mwenye analima mahindi ku njia ya Kasenga? Bisi ndogo, blanketi, sufuria, unga mbili, usiku tatu. Watoto wa kambi waone shamba kwenye muhindi inatoka. Inaomba kitu moja tu: konje iangukie mu likizo ya masomo, mwezi wa saba ao wa munane, si mu novemba wakati watoto wako ku masomo na mvua inanyesha. Hiyo haiko mu mukono ya mufanyakazi peke yake, ni ya kuzungumuza na wakubwa wa kazi, na delegasyo ya sendika iko na haki ya kuiweka ku meza.

Kwetu kalenda ya konje tunaiomba ibandikwe ku ukuta mbele ya mwaka kuanza, na majina yote. Muulize delege wenu kama yenu imebandikwa. Wamama, muulize pia.