Ebrahim Hussein na tamthilia iliyochipuka kutoka kaburi la Matasia

KATIKA miji ya Kitengela na Isinya, Kaunti ya Kajiado, familia nyingi zimehamia kutoka pembe mbalimbali za Kenya, zikanunua viwanja na kujenga. Mwenye nyumba anapofariki, huzuka swali ambalo hati ya kiwanja haiwezi kulijibu: azikwe hapa alipojenga, au arejeshwe walikolazwa babu zake?

Swali hilo liliwahi kuitikisa nchi nzima, na shamba lililozozaniwa lilikuwa Kajiado iyo hiyo. Wakili mashuhuri S.M. Otieno, Mjaluo, alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu wa jamaa ya Waiyaki, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong, akisema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ulishikilia kuwa mila ya Wajaluo yadai azikwe kwao. Februari 1987 Mahakama Kuu iliupa ukoo ushindi, na Mei Mahakama ya Rufaa ikauthibitisha. Otieno alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987. Mjane hakuhudhuria.

Mwaka mmoja baadaye kisa hicho kiliingia katika fasihi ya Kiswahili kwa jina la Kwenye Ukingo wa Thim. Mtunzi wake hakuwa Mkenya. Alikuwa Ebrahim Hussein, mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa mwaka 1943 kusini mwa Tanzania.

Hussein alisomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akapata shahada ya uzamifu mjini Berlin, Ujerumani Mashariki, kwa utafiti kuhusu maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki. Baadaye alifundisha Dar es Salaam hadi alipojiuzulu katika miaka ya 1980, akaishi maisha ya upweke mbali na umaarufu wake.

Jina lake lilivuma kwa Kinjeketile (1969), tamthilia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ndani yake nabii anatoa neno linalowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani, kisha anagundua kwamba neno limekua na halimtii tena. Mashetani (1971) inachunguza mpasuko wa kitabaka baada ya uhuru kupitia urafiki wa vijana wawili. Katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) alirudia mbinu za mtambaji wa ngano, na katika ushairi wake hakujifunga kwa vina na mizani. Shairi lake, Ngoma na Vailini, lamweka mtu mmoja kati ya midundo miwili inayomwita kwa wakati mmoja.

Wito huo wa pande mbili ndio uliomfikisha Matasia. Katika Kwenye Ukingo wa Thim, Martha anapambana na ukoo wa marehemu mumewe, Herbert, kuhusu maziko yake. Neno thim ni la Kijaluo, na maana yake ni nyika au pori. Mahakama ilitazama mila na sheria ikauliza ni ipi yenye nguvu. Mwandishi aliutazama ukingo wenyewe, mahali anapobaki mtu aliyeacha mila za kwao kwa ndoa na elimu, kisha akakuta ulimwengu mpya hauna uwezo wa kumlinda.

Majaji hawakuwa na budi kutoa hukumu, na kaburi likachimbwa. Tamthilia haikulazimika kuhukumu, na kwa hiyo ingali inasomwa. Kwa familia za Isinya na Kitengela, yaliyomo si historia ya mbali. Ni mazungumzo ambayo mume, mke na wazee wa pande zote mbili wangefaa kuyafanya wangali hai, kabla mwili haujalazwa mochari ukisubiri mawakili.