Kufutiwa Kesi si Kushinda Kesi

Ndugu msikilizaji, jirani yangu mmoja alimpikia mwanawe pilau siku alipotoka mahabusu. Kijana alikuwa ameshitakiwa kwa wizi, na asubuhi ile mwendesha mashtaka alisimama akasema hataki kuendelea na shauri. Pilau haijapoa, askari wakaja kumchukua tena. Mama wa watu akanigeukia: "Baba, si hakimu amemwachia?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuwauliza wanaojua sheria, na leo nawaleteeni nilichoelezwa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inatenganisha mambo mawili ambayo sisi mitaani tunayaita kwa jina moja, "kuachiwa huru".

La kwanza ni kufutiwa mashtaka. Mwendesha mashtaka akiondoa shauri kabla mshitakiwa hajatakiwa kujitetea, mshitakiwa huenda nyumbani, lakini anaweza kushitakiwa upya kwa kosa lile lile. Hakuna aliyesema ana hatia, wala aliyesema hana.

La pili ni kuonekana hana hatia. Hakimu akishasikiliza mashahidi wa upande wa mashtaka na kuamua kuwa mshitakiwa hana kesi ya kujibu, kesi imekwisha. Ndivyo ilivyo pia kama mwendesha mashtaka ataondoa shauri baada ya mshitakiwa kutakiwa kujitetea. Upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa, lakini hauwezi kufungua kesi ile ile upya.

Ila Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka makubwa zaidi. Yeye anaweza kuondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu, na hata hapo mshitakiwa hahesabiwi kuwa ameshinda. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 4 Machi 2022, kesi ya ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe na wenzake 3 ilipoondolewa, wiki 2 baada ya mahakama kusema wana kesi ya kujibu. Walitoka gerezani, lakini hukumu haikutolewa. Mwaka huo huo sheria ilirekebishwa: aliyefutiwa kesi na Mkurugenzi asishitakiwe tena kwa mambo yale yale mpaka ushahidi uwe umetosha na kesi iwe tayari kusikilizwa.

Basi, ndugu yangu, mtu wako akiachiwa usikimbilie sufuria. Uliza kwanza: mashtaka yameondolewa, au ameonekana hana hatia? Nani ameyaondoa? Omba nakala ya uamuzi, uitunze. Na wewe jirani, usimwite mwizi mtu ambaye mahakama haijamtia hatiani.

Yule kijana alishitakiwa upya, na safari hii hakimu akasema hana kesi ya kujibu. Mama yake hakupika kitu siku hiyo. Alikaa kwenye benchi la mahakama mpaka jioni, akingoja karatasi.

Tukutane wiki ijayo.